Hatua Saba Kuelekea Maikrofoni

Kawetele, Jumapili mchana

Mwanangu Tumpe,

Umeenda Kinyala kumuaga bibi yako. Kwenda saa moja na nusu, kurudi saa moja na nusu, na katikati hatakuruhusu unyanyuke kabla hujamaliza sahani ya pili. Kwa hiyo nina saa nne na nyumba iko kimya. Sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko orodha ya watu wa bendi, lakini saa nne zinatosha.

Sitakuandikia mambo ya kufunga sanduku, wala nani umkwepe stesheni, wala sabuni uifiche wapi. Hayo shangazi yako amekwambia mara tatu na kesho asubuhi atakwambia ya nne. Mimi nina jambo moja. Ningeweza kukwambia kwa mdomo tangu Jumatano ilipokuja ile barua, lakini mdomo wangu naufahamu. Ungeniuliza swali moja tu, ningeanza kuzungukazunguka, na kufikia jioni kosa lingekuwa la mtu mwingine. Nikishaandika nimeandika.

Jambo lenyewe linahusu mama yako na Bwana Salehe.

Nianze na barua. Wewe uliisoma mara moja ukaanza kurukaruka. Mimi nimeisoma mara kumi na moja. Ina mistari kumi na minne, mhuri mmoja na sahihi moja. Inasema umechaguliwa kujifunza kazi ya fundi mitambo redioni, Dar es Salaam, na kwamba atakayekufundisha ni Salehe, fundi mkuu. Nilipofika kwenye jina hilo niliiweka barua mezani nikaenda kufunga mlango, kana kwamba kuna mtu anachungulia. Kwa nini akuchague wewe, kati ya vijana wote waliojazana Mbeya siku ya usaili? Nikapiga hesabu zangu. Amelitambua jina langu. Anataka akupate karibu akuaibishe. Au anataka kuipiga ile tepu ya wimbo wa mama yako mbele ya wenzako wakucheke. Siku nne nimeutafuta ubaya ndani ya ile mistari kumi na minne, hata karatasi nimeiinua kwenye mwanga nikaitazama kwa nyuma. Sijaupata. Na wewe, wakati mimi natafuta, nilikusikia jikoni unamwambia shangazi yako, "Ni yule yule aliyemzima mama kwenye mashine! Aje tu. Yeye atanifundisha kazi, mimi nitamfundisha adabu."

Shangazi yako akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia migomba.

Tumpe, Salehe hakumzima mama yako. Ni mimi.

Usiikunje barua hapo. Ukiishia kwenye mstari huo utaniona mbaya kuliko nilivyo, na nilivyo tu inatosha.

Unajua nilivyoanza, maana nimejisifia sana mbele yako. Nilikuwa naosha masufuria kwenye jiko la shamba la chai. Misheni walikuwa na matarumbeta, lakini yalipewa watoto wa walimu na wa wazee wa kanisa. Mimi niliambiwa nitayaacha na masizi. Basi nikawa nasimama nje ya dirisha lao kila Alhamisi, nahesabu mapigo kwa vidole mfukoni. Nilijua kuhesabu muziki miaka miwili kabla sijaupuliza. Tarumbeta langu la kwanza lilikuwa bovu ambalo misheni walilitupa stoo, kitufe cha katikati kimeganda. Nililichemsha, nikalipaka mafuta ya kupikia, kikakataa. Nikajifunza kupiga na vitufe viwili, nikikutana na sauti inayotaka cha katikati naizunguka kama unavyozunguka dimbwi. Hakuna aliyenionesha kitu. Nilipolipata zima, nilikuwa tayari napiga kuliko wale wa dirishani.

Hiyo ndiyo hadithi ninayoisimulia. Kipande ninachokiacha ni hiki: kwa kuwa sikufundishwa na mtu, niliamini kila anayenisogelea amekuja kuniibia. Kwenye mazoezi ya bendi nilikuwa napiga nimewapa wenzangu mgongo ili wasione vidole vyangu. Wakati wa uhuru tulipiga siku tatu mfululizo hapa Tukuyu, watu wamejaa uwanjani, kila mtu anamtazama mwenzake na kucheka, na mimi nimegeukia ukuta. Lusekelo, mpiga gita wetu, aliyekuwa karani bomani na ndiye kiongozi wa bendi, alikuwa na neno lake la kufungulia dansi: "Mabibi na mabwana, upande wa kushoto mtaona mgongo wa Ambakisye." Watu wanavunjika mbavu. Mimi nilihesabu: mara ishirini na sita amelisema. Sikumsamehe hata moja. Leo naona lilikuwa neno la mtu anayenipenda, lakini wakati ule nilimwona karani anayemcheka mwosha masufuria.

Sasa mama yako. Umezoea kusikia Atupele alikuwa na sauti kubwa. Watu humkuza marehemu. Sauti yake ilikuwa ndogo, ila ilikuwa imenyooka, haitikisiki. Ukiwa karibu naye unaisikia mpaka kwenye meno. Ukiwa mbali unasikia wengine. Alikuwa mchuma chai, na wimbo aliotungia huko shambani wewe unaujua maneno kwa sababu bibi yako huuimba vibaya: wimbo wa ukungu. Ukungu ukishuka wanawake walikuwa wanakaa chini kati ya michai wapumzike, msimamizi hawaoni. Ila akisikia kimya atajua wamekaa. Basi wakiwa wamekaa wanaimba, ili adhani mikono inakwenda. Mama yako ndiye aliyeanzisha, na kwenye maneno alimtaja msimamizi mwenyewe jinsi anavyosifu kazi nzuri ya vikapu vitupu. Nilipoupatia tarumbeta na bendi ikauchukua, wanawake wa mashamba walikuwa wanaomba urudiwe hata mara nne kwa dansi moja.

Watu wa redio waliposikia habari zetu walikuja wenyewe. Ilikuwa mwaka wa pili baada ya uhuru. Wewe ulikuwa na miezi saba, tulikuacha Kinyala. Walikuja watu wawili na gari moja: dereva, na fundi mitambo kijana wa pwani amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine. Huyo ndiye Salehe. Wakatupangia ukumbi pale mjini, tuwe tayari saa tatu asubuhi.

Saa tatu mvua ikaanza. Mvua ya Tukuyu ikiwa juu ya bati, mwenzako akisema unaona midomo tu. Salehe aliwasha mashine, akavaa vile vidude vya masikioni, akavivua. "Nasikia karanga zinakaangwa," akasema. Tukasubiri. Saa nne, saa tano, saa saba. Akamwuliza Lusekelo, "Ndugu yangu, huku jua mnalipata kwa kibali?"

"Kibali kipo," Lusekelo akajibu, "ila anayetia sahihi yuko likizo."

Hata mama yako alicheka. Alikuwa amekaa juu ya kreti, kanga mbili mabegani, ananong'ona wimbo wake kuupasha moto. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia sakafu. Salehe alikuwa amechora alama kwa chaki, kila mtu mahali pake, maana maikrofoni ilikuwa moja tu, imesimama katikati. Nilizipima alama zote kwa miguu yangu wakati wao wanataniana. Mama yako hatua mbili. Lusekelo na gita hatua nne. Gita la pili tano. Ngoma hatua tisa. Mimi, kumi na mbili, mlangoni kabisa, kisigino kimoja kinagusa kizingiti na mvua inanirukia mgongoni. Hata ngoma ilikuwa mbele yangu.

Nikamfuata. "Bwana fundi, mimi nimewekwa nje."

Akaniangalia akatabasamu. "Mzee," akaniita mzee, na mimi sijafika thelathini, "mdomo wako una nguvu kuliko wote humu. Hata hapo mlangoni utawafunika. Ukisogea, huyu mama hatasikika."

Tumpe, umesoma alivyosema. Ameniambia sababu, tena ameniambia kwa sifa. Hakuna mtu aliyewahi kuusifu mdomo wangu kwa maneno ya wazi kiasi hicho. Nami nilichosikia ni kejeli. Nikamtazama Lusekelo, nikamwona anakuna kidevu, nikaamua wamepanga: karani na mtu wa pwani wamekaa wakakubaliana kwamba kwenye redio ya taifa mwosha masufuria asikike kwa mbali, kama mtu anayepita barabarani. Mama yako aliniona uso. Akaja akanirekebisha kola. "Gwe Ambakisye," akasema, "leo niachie mimi. Dakika nne tu. Baadaye utapuliza mpaka ndizi ziive."

Nikamwambia, "Haya."

Saa kumi kasoro mvua ikakatika. Salehe akaruka: "Sasa! Tepu imebaki ya wimbo mmoja, na sijui wingu lile linasemaje. Hakuna kurudia." Kila mtu akasimama kwenye chaki yake. Akainua kidole, akakishusha.

Ubeti wa kwanza nilisimama nilipowekwa. Nakuapia. Ubeti wa kwanza nilipuliza kidogo, hatua kumi na mbili, na niliisikia sauti ya mama yako inakwenda kwenye ile maikrofoni kama uzi unaingia kwenye tundu la sindano. Kwenye kiitikio nikasogea hatua moja. Hakuna aliyeona, wote walikuwa wanatazama mbele, na safari hii ni mimi niliyekuwa nyuma ya migongo yao. Ubeti wa pili, hatua mbili. Nikafika usawa wa ngoma; mpiga ngoma akanitolea macho, nikapuliza zaidi. Kiitikio, hatua mbili tena. Salehe akainua kichwa. Akanipungia mkono, kiganja kimenitazama, anausukuma hewani. Mtoto wa miaka miwili angejua maana yake. Mimi nilijua pia. Nilijifanya nadhani anasema ongeza. Ubeti wa tatu nikaongeza hatua mbili nyingine. Jumla saba. Nikawa hatua tano kutoka kwenye maikrofoni, sambamba na gita la pili, na mdomo mpana wa tarumbeta langu umelenga moja kwa moja juu ya bega la mama yako.

Hakugeuka. Aliimba mpaka mwisho. Sauti ya mwisho ilipokatika, bati likaanza tena.

Salehe alirudisha tepu akatupigia tusikie. Nilijisikia mimi. Mara ya kwanza maishani kujisikia kutoka nje ya kichwa changu mwenyewe, na nilikuwa mzuri, mwanangu, nisikufiche, nilikuwa mzuri sana. Nikacheka kwa sauti. Lusekelo alikuwa ameinama anafungua nyuzi za gita ambazo hazikuhitaji kufunguliwa. Mama yako alisimama karibu na mashine, sikio ameliinamisha. Tepu ilipofika kiitikio cha pili aliuliza, taratibu tu, kama anayeuliza kikombe chake kiko wapi:

"Mimi niko wapi?"

Nikamjibu mimi. Nikasema, "Ni huyu fundi. Hakukufungulia."

Salehe alinitazama. Angeweza kusema. Ukumbi mzima walikuwa mashahidi, alama za chaki zilikuwa bado pale na nyayo zangu za tope juu yake, saba. Akamtazama mama yako, akaniangalia tena mimi, akasema, "Basi niwie radhi, mama." Akafunga mashine yake.

Kitu hicho ndicho nilichokitumia kwa miaka kumi na saba kama ushahidi. Nilikuwa nasema: angekuwa hana hatia angeomba radhi?

Wimbo ulipigwa redioni mara chache. Nilikuwa nahesabu, nilisikia mara sita. Mama yako alikuwa anatoka nje ukianza. Hakuwahi kunituhumu. Aliendelea kuimba kwenye dansi, na kwenye dansi hakuna chaki. Hujafika miaka mitatu akaugua, akalazwa hospitali ya Makandana wiki mbili, akafariki. Baada ya hapo redio hawakuupiga tena, au waliupiga nami nimezima. Tarumbeta niliendelea nalo: sherehe za mwenge, ufunguzi wa vijiji, mapokezi ya wageni ambao hawakufika. Mpaka meno ya mbele yalipoanza kucheza na mdomo ukakosa pa kuegemea.

Ulikuwa na miaka sita uliponiuliza, "Tata, mama alikuwa anaimbaje?" Ningeweza kusema hapo. Ulikuwa mdogo, ungesahau. Badala yake nikakwambia kuna mtu wa redio, Salehe, alimzima kwenye mashine. Nikaona macho yako yanabadilika. Na tangu siku hiyo ukawa mtoto wa kufungua redio za watu. Ya shangazi yako, ya mjumbe wa nyumba kumi, ile ya duka la kijiji uliyoitengeneza ukapewa sukari watu wakiwa kwenye foleni. Wote waliniambia, "Ambakisye, umepata fundi." Mimi peke yangu ndiye niliyejua unatafuta nini ndani ya yale maboksi. Huendi Dar es Salaam kwa sababu ya redio. Unaenda kwa sababu ya uongo wangu. Hilo ndilo lililonikalisha hapa mezani, kwamba kesho utapanda treni kwenda kumchukia mtu ambaye kosa lake lote ni kunisitiri mbele ya mke wangu.

Uliporudi kutoka kwenye usaili ulisema, "Tata, wanatunza kila kitu! Kila tepu ina namba yake kwenye shelfu!" Shangazi yako alipiga vigelegele. Mimi nilijua siku zangu zimeisha. Utaitafuta. Utaisikia. Sikio lako ni zuri kuliko langu, ndani ya dakika moja utajua kuna mtu anatembea.

Sikwambii usiwe na shaka na watu. Mimi bado ninayo. Yule jirani aliyejitolea kukusindikiza mpaka Mbeya sijui anataka nini, na hata Salehe sijamaliza kumchunguza. Mtu anayenyamaza miaka yote hiyo ni mtakatifu au anangoja. Ila nimegundua kitu kimoja kwenye hesabu zangu. Kila nilichokilinda kwa kugeuka ukutani, hakuna aliyewahi kukitaka. Lusekelo angeweza kunifundisha kusoma na kuandika muziki, nilimfungia. Na nisingejifungia hivyo, barua hii ingekuwa imeandikwa miaka kumi iliyopita.

Na kwa kuwa utakuwa wewe sasa unayechora chaki: mtu atakayekujia amenuna kwa sababu umemweka mlangoni, usimweleze mara moja ukadhani ameelewa. Mwite aje avae vile vidude asikie mwenyewe jinsi anavyofika. Salehe angenivalisha siku ile, labda ningeelewa. Sisemi ndiyo kisingizio. Nasema labda.

Siku ya kwanza utakapomwona, kabla hujamfundisha adabu yoyote, mwambie hivi: "Ambakisye amesema alisogea." Maneno hayo tu. Atajua. Akikasirika ana haki. Akicheka, niandikie alicheka vipi.

Halafu, atakapokuruhusu, itafute tepu. Nikueleze usikilize wapi, maana nimeipiga kichwani usiku na mchana. Kati ya ubeti wa tatu na wa nne, nilipokuwa nimeshafika hatua tano kutoka kwenye maikrofoni, pumzi ilinikatika. Nilikuwa nimepuliza kwa hasira, na ukipuliza kwa hasira tarumbeta hujaa maji ya pumzi haraka. Ilibidi nilishushe niyamwage. Nimehesabu tena na tena: mapigo kumi na sita. Lusekelo naye alikuwa amepunguza gita, sijui aliona au ni bahati. Katika yale mapigo kumi na sita mama yako alikuwa anaimba, midomo yake niliiona. Na Salehe niliona mkono wake unazungusha kitu kwenye mashine, haraka. Siku ile nilidhani ananipunguza mimi. Lakini mimi nilikuwa sipulizi. Mtu hapunguzi kisichopo. Nadhani, sina hakika, wewe ndiye utakayejua mashine hizo, nadhani alikuwa anampandisha yeye.

Kama ni hivyo, basi kuna mahali, kwa muda wa mapigo kumi na sita, mama yako yuko peke yake.

Mimi sikuwahi kuisikiliza sehemu hiyo. Siku ile nilikuwa nacheka, na zile mara sita nilikuwa najisikiliza mwenyewe. Wewe isikilize. Halafu niandikie neno moja tu: yupo, au hayupo. Usiongeze jingine la kunifariji, nitalijua.

Baba yako,
Ambakisye